Mlango Usiopiga Kelele: Siku Mbili na Vyuma Vipya vya Kabati Langu la Jikoni

Nimeusukuma mlango wa kabati kwa kidole kimoja, nikakunja uso nikisubiri ule mlio wa "pa!" niliouzoea tangu utotoni. Haukuja. Mlango ulikwenda kwa kasi yake mpaka ukabakiza upana wa kiganja, kisha ukatulia kama mtu aliyekumbuka kuna mtoto amelala, ukajivuta wenyewe taratibu, ukagusa ubao, basi. Nikaufungua tena. Nikausukuma kwa nguvu zaidi. Kimya. Nikaupiga kwa kiwiko, makusudi kabisa, kama mtu mwenye hasira. Kimya kilekile! Mara ya kumi hivi mama akaingia kutoka uani, maganda ya maharage yamemganda mikononi, akaniuliza, "We mwanangu, hilo kabati limekukosea nini?" Nikamshika mkono nikamwambia asukume. Akasukuma. Akautazama mlango, akanitazama mimi, akasukuma tena.

Fundi aliondoka hapa Mkumbi Jumamosi jioni. Leo ni Jumatatu, nimeishi na kabati hili siku mbili tu, na siwezi kungoja mwaka upite ndipo niandike. Ninayo furaha ambayo ikipoa nitashindwa kuieleza. Na furaha yenyewe haitokani na mbao, ingawa mbao ni nzuri, wala haitokani na rangi. Inatokana na vyuma: bawaba, vishikio na reli za droo. Vitu vyote hivyo vilikuja kwenye boksi moja la kadibodi nililolipakata mapajani ndani ya gari kutoka Mbinga mjini, na sasa mikono yangu haitaki kugusa kitu kingine humu ndani.

Huku kwetu Umatengoni msimu wa kahawa ndio msimu wa kujenga. Chama cha msingi kikishalipa, mabati yanapanda juu ya nyumba, saruji inashuka kwenye malori, na sasa wengi wanaongeza jiko la ndani la gesi huku jiko la nje la mafiga likibaki kwa maharage na kande. Nimeingia kwenye majiko mapya mengi ya majirani na walimu wenzangu. Marumaru zinameremeta, sinki linang'aa, kabati limepakwa vanishi unajiona sura. Halafu unashika mlango, kishikio kinazunguka mkononi kama jino bovu. Mlango wa pili umelala upande. Droo inataka kunyanyuliwa kwanza ndipo ivutwe. Sababu naijua, kwa kuwa hata mimi jiko langu la kwanza lilikwenda hivyohivyo: vyuma hununuliwa siku ya mwisho, hela imekwisha, fundi anatumwa dukani kuchukua "vyovyote vilivyopo". Ubao utautazama. Chuma ndicho utakachokishika asubuhi, mchana na usiku, kwa mkono mkavu, wenye maji, wenye unga, wenye mafuta ya kula, miaka yote utakayokaa ndani ya nyumba hiyo.

Kwa hiyo safari hii nilianza na vyuma. Nilivinunua kabla ya ubao wa kwanza kukatwa. Fundi alipoliona boksi aliniambia, "Mwalimu, umenunua vifungo kabla ya kitambaa?" Nikamjibu ndiyo, na baada ya nusu saa ya kupima akakubali kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Unene wa reli ndio unaoamua upana wa droo. Aina ya bawaba ndiyo inayoamua mlango ufunike ubao wa pembeni wote, nusu yake, au uzame ndani. Ukikata mbao kwanza, unabaki kutafuta chuma kitakachokubaliana na kosa ulilokwisha kulifanya.

Sasa niizungumzie bawaba, maana hapa ndipo nilipopagawa.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo mlango wa kabati ulishikwa na vipande viwili vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa misumari. Ulikuwa ukifungwa kwa kijiti kinachozungushwa kwenye msumari mmoja, na kijiti kikilegea panya anajua kabla yenu. Baadaye zikaja bawaba za kipepeo, zile za mabawa mawili na pini katikati, na sina ubaya nazo hata kidogo; zitadumu kuliko mimi. Lakini hii mpya ni mnyama mwingine. Ukifungua mlango unaona kikombe cha chuma kimezama kwenye ubao, mkono mfupi uliopinda unatoka ndani yake na kwenda kushika kibao kidogo ukutani mwa kabati. Ukifunga, huoni kitu. Kikombe kile kina kipenyo cha milimita 35, na kipimo hicho ni kilekile karibu kila mahali duniani, kwa hiyo bawaba ya kiwanda kimoja ikifa unaweza kutafuta ya kiwanda kingine ikaingia kwenye tundu lilelile. Mtu anayeishi mbali na maduka makubwa asipuuze jambo hilo! Kikombe kinazama milimita 12 hivi, kwa hiyo ubao wa mlango wa milimita 18 unakitosha vizuri, na ule wa 15 unabakiza ngozi tu upande wa pili.

Ndani ya mkono ule kuna breki. Ni bomba dogo lenye mafuta mazito na kijiti kinachoingia ndani yake. Mlango unapokaribia kufika, kijiti kinabanwa, mafuta yanalazimika kupita kwenye upenyo mwembamba, na kasi inakufa. Hakuna umeme, hakuna betri. Na nimeona jambo ambalo muuzaji hakuniambia: saa 11 alfajiri, baridi ya Juni ya huku milimani ikiwa imeingia mpaka kwenye mifupa na ukungu umeziba kahawa yote, mlango unajifunga polepole zaidi kuliko saa 8 mchana. Mafuta yanaganda kidogo kwa baridi, kama yanavyofanya mafuta ya kupikia kwenye chupa. Nilikaa na kikombe cha chai nikilipima hilo jana, na nimefurahi kupita kiasi kuona kabati langu linajua hali ya hewa ya Mkumbi.

Lakini breki siyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni skrubu tatu. Moja inausogeza mlango kushoto na kulia. Ya pili inauingiza ndani au kuutoa nje. Ya tatu, iliyo kwenye kibao cha ukutani, inaupandisha na kuushusha. Kila upande unapata milimita mbili hivi, wakati mwingine zaidi kidogo. Waliojenga kwa matofali ya kuchoma huku kwetu wanajua kuta zetu zilivyo: zimesimama imara, lakini hazijanyooka kama mstari wa daftari, na sakafu ya saruji ina mwinuko wake. Kabati likikaa kwenye sakafu ya namna hiyo linajikunja kidogo, na milango miwili iliyokuwa sambamba kwa fundi inakuja kupishana jikoni kwako. Zamani fundi angetoa randa na kuanza kuula mlango. Jumamosi fundi wangu alitoa bisibisi ya nyota. Akazungusha nusu mzunguko, akarudi nyuma hatua mbili, akafumba jicho moja, akazungusha robo tena. Nafasi kati ya mlango na mlango ikawa nyembamba, nyoofu, sawa juu mpaka chini, kama mstari wa wino. Nilipiga makofi. Kweli nilipiga makofi.

Bawaba hizi zinauzwa kwa maumbo matatu, na hapo ndipo watu wengi wanapoumia. Mkono ulionyooka ni wa mlango unaofunika ubao wote wa pembeni. Uliopinda kidogo ni wa milango miwili inayogawana ubao mmoja wa katikati. Uliopinda sana ni wa mlango unaozama ndani ya fremu. Nilinunua bawaba 12, nikahakikishiwa zote ni za mkono ulionyooka, na nilipofika nyumbani nne kati yake zilikuwa zimepinda. Boksi moja, maumbo mawili! Siku nzima ya kwenda na kurudi ikapotea kwa ajili hiyo. Kwa hiyo nakusihi: zitoe zote kwenye karatasi zake palepale kaunta, zipange mstari mmoja ubavuni, macho yako yataona yenyewe ipi siyo ndugu wa wenzake. Na skrubu zilizokuja nazo zilikuwa laini mno kwa mbao zangu za mninga. Vichwa viwili vililika kabla havijafika mwisho. Fundi alitumia skrubu zake mwenyewe, akazipaka sabuni ya mche kwanza, zikaingia kama kisu kwenye parachichi.

Viwanda vinavyotengeneza bawaba za namna hii vina historia ambazo zimenichangamsha. Blum, ambayo leo jina lake linatajwa popote panapozungumzwa makabati, ilianzishwa mwaka 1952 na Julius Blum huko Höchst, Austria, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa vijino vya kupigilia kwenye viatu vya farasi. Kutoka kwato za farasi mpaka mlango wa kabati la sukari! Hettich ya Ujerumani ni ya zamani zaidi, ya 1888. Mimi sikununua za majina hayo, nilinunua za bei ninayoiweza, na jozi moja ilinigharimu chini ya bei ya jogoo mmoja wa Krismasi. Siwezi kusema zitafika miaka 10. Ninachoweza kusema ni kwamba siku mbili hizi zimefanya kila kitu zilichoahidi.

Vishikio sasa. Mama yangu ndiye aliyevichagua, na alivichagua kwa namna ambayo naitamani iwe sheria.

Nilileta sampuli nne kwa mkopo kutoka dukani. Kimoja kirungu cha mviringo, kimoja fimbo nyembamba iliyonyooka yenye ncha zinazojitokeza pande zote mbili, kimoja chenye umbo la upinde uliorudi ubaoni, kimoja kama kikombe kilichopinduliwa ambacho vidole huingia kwa chini. Nilitaka fimbo, ile ya kisasa. Nilikuwa nimeiona kwenye picha nikaipenda. Mama akasema tungoje. Akasonga ugali wake kwanza. Alipomaliza, mikono ina unga na mvuke, akaja kwenye ubao wa majaribio ambao fundi alikuwa amevifungia vyote vinne, akavuta kimoja kimoja.

Kirungu kilimteleza. Mama ana maumivu ya viungo, vidole vyake havifumbi vizuri asubuhi za baridi, na kirungu kinadai ubane kwa ncha za vidole. Fimbo aliivuta vizuri, kisha akageuka kurudi jikoni, na ncha yake ikanasa pindo la kitenge chake. Kitenge kikavutika, akasimama, akaitazama ile ncha kama mtu aliyeshikwa nguo na mgeni sokoni. "Hiki kitanivua nguo mbele ya wageni," akasema. Mjadala wa fimbo ukaisha hapo. Kikombe kilichopinduliwa alikipenda kwenye droo, lakini akaingiza kidole ndani akatoa unga uliokwama. "Utakuwa unakisafisha na nini?" Upinde ndio ulioshinda: vidole vinne vinapita nyuma yake bila kugusa ubao, na asipotaka kushika anaweza kuuvuta kwa kidole kimoja kilichopinda kama ndoano, au hata kwa kifundo cha mkono akiwa ameshika sufuria. Nafasi kati ya upinde na mlango ni sentimita 3. Nilipima. Vile vya bei ya chini kabisa vilikuwa na 2, na mkono wa mtu mzima aliyechimba mashimo ya ngolo shambani maisha yake yote hauingii hapo.

Kipimo kingine cha kushika kichwani ni umbali kati ya tundu la skrubu moja na la pili. Utakuta 96, utakuta 128, utakuta 160: zote ni hesabu ya 32 mara kadhaa, kwa kuwa mashine za viwanda vya makabati hutoboa kwa hatua ya milimita 32. Ukichagua kipimo kinachopatikana kwa wingi, siku ukichoka na sura ya kishikio utapata kingine cha kuingia kwenye matundu yaleyale. Nimechukua 128 kwenye milango na droo zote. Na fundi alikata kipande cha kadibodi kutoka kwenye boksi lilelile, akakitoboa matundu mawili, akakitumia kama kipimo cha kila mlango. Hakuna kishikio hata kimoja kilichopanda au kushuka kuliko mwenzake.

Kuhusu madini, beba sumaku. Mimi nilikwenda na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio, na wauzaji wawili walinicheka mpaka walipoona inavyofanya kazi. Kishikio cha rangi ya dhahabu kikinasa kwenye sumaku, hicho ni chuma kilichopakwa, na siku rangi ikichubuka kutu itatoka. Kisiponasa kinaweza kuwa shaba, zinki au alumini, na hapo unakipima kiganjani. Shaba inaelemea, mchemraba wa sentimita moja una gramu 8 na nusu hivi. Zinki ni nyepesi kidogo, karibu 6 na nusu. Alumini haifiki hata 3, unajua papo hapo. Shaba na zinki zikikuchanganya, kwaruza ndani ya tundu la skrubu kwa msumari: manjano ikiendelea mpaka ndani ni shaba, ikitokea kijivu ni zinki iliyopakwa. Stenlesi nzuri nayo mara nyingi hainasi sumaku, lakini rangi yake haitakudanganya.

Nilinunua shaba. Vilikuwa vipande vinane tu dukani, nikavichukua vyote kabla mtu mwingine hajaviona, na droo nikaziwekea stenlesi. Shaba ina tabia ninayoipenda: haiharibiki, inabadilika. Mahali panaposhikwa panang'aa, mahali pasiposhikwa panakuwa na rangi ya kahawia kama asali ya nyuki wa porini. Na kuna faida isiyoonekana. Madini yenye shaba huua vijidudu vinavyotua juu yake ndani ya saa chache. Marekani iliyasajili rasmi kwa sifa hiyo mwaka 2008. Ila iwe shaba isiyopakwa vanishi, kwani vanishi inaziba kila kitu. Zangu zilikuja na utando mwembamba. Niliuondoa kwa tina na kitambaa usiku wa Jumamosi, nikiwa nimekaa sakafuni, na mwanga wa taa ukizigusa moja baada ya nyingine.

Waswahili wa pwani walijua mvuto huu zamani. Nenda Mji Mkongwe wa Zanzibar utazame milango yenye njumu za shaba, utazame na makasha ya bi harusi, yale yaliyopigwa misumari ya shaba kwa mistari na maua, yenye komeo na vishikio vizito pembeni. Kasha lilikuwa benki ya mwanamke. Aliyelifungua alishika shaba kabla ya kushika kanga zake. Ninapenda kufikiri kwamba kabati la unga na sukari linastahili heshima ileile.

Reli za droo nitazisema kwa haraka, ingawa watoto wa nyumba hii wangezisema mpaka kesho. Kuna za magurudumu ya plastiki na kuna za gololi. Chukua za gololi. Zangu ni za sentimita 45, zinatoka mpaka mwisho, kwa hiyo hata kijiko kilichojificha nyuma kabisa unakiona. Kila reli inakula nusu inchi, karibu milimita 13; mbili zinakula 26, na boksi la droo lazima liwe jembamba kuliko nafasi yake kwa kiasi hicho hasa. Likizidi milimita 2 linabana, likipungua 2 gololi zinacheza na kulia. Fundi alilitengeneza boksi la kwanza, akalijaribu, akalirudisha kwenye randa kwa pigo moja tu jepesi, akaliingiza tena, likateleza lenyewe mpaka ndani kwa sauti ya mchanga mkavu ukimwagwa. Bibi yangu angeliita "mtoto wa meza", na yule wa meza yake alihitaji goti na maombi ili atoke, masika yalipoingia na mbao kuvimba. Huyu wangu ananing'inia kwenye vyuma, hagusi mbao za jirani, avimbe asivimbe.

Droo ya chini kabisa ndiyo ya unga. Inabeba ndoo ya kilo 20 ya sembe, na nyingine ndogo ya unga wa ulezi, na inatoka kwa kidole. Nilipoifikiria nilikumbuka jiko maarufu la Frankfurt la mwaka 1926, alilolisanifu Margarete Schütte-Lihotzky wa Austria kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi: upana wa mita 1.9, urefu wa mita 3.4, na ukutani vidroo vya alumini vyenye kishikio upande mmoja na mdomo wa kumiminia upande wa pili, kila kimoja kimeandikwa jina la chakula chake. Unga aliuwekea chombo cha mti wa mwaloni, kwa sababu mwaloni unafukuza wadudu. Karibu majiko 10,000 ya namna hiyo yalijengwa. Mama mmoja akisimama katikati, kila kitu kiko kwenye urefu wa mkono wake! Sisi wenye vita vya kila mwaka na fukusi tungeelewana naye sana.

Mwezi Aprili nilishuka ziwani kumtembelea dada yangu Mbamba Bay, kilomita 66 za lami kutoka Mbinga, unateremka kutoka baridi hadi joto mpaka masikio yanaziba. Nilikwenda kwa samaki wa usipa na kwa ndugu, lakini nikaishia kuchungulia kabati lake, maana bawaba zake zina miaka mitatu kule chini kwenye joto na unyevu. Hazikuwa na kutu. Nyasa ni ziwa la maji matamu, upepo wake hauna chumvi, na hilo linabadilisha kila kitu. Binamu yetu anayeishi Kigamboni, hatua chache kutoka baharini, vishikio vyake vya kromu vilianza kutoka madoadoa ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ndugu zangu wa Liuli, Lituhi na Mbamba Bay, msiogopeshwe na ushauri wa watu wa pwani: bawaba nzuri ya kawaida iliyopakwa nikeli itawafaa. Kitu cha kuogopa kwenu na kwetu ni moshi. Masizi ya kuni yana utomvu, yakiingia kwenye gololi na kwenye breki yanageuka gundi. Anayepikia kuni ndani ya chumba chenye kabati, mimi ningemwambia achukue bawaba za kipepeo za shaba, mlango mwepesi, na vishikio vinavyooshwa kwa maji ya moto. Nazo ni nzuri. Nazo zina heshima yake.

Nina dosari moja ya kuripoti kwenye kabati langu. Mlango mdogo juu ya sinki, wa upana wa sentimita 25, ni mwepesi mno kwa breki mbili, kwa hiyo unasitasita kabla ya kufika. Bawaba hizi zina kitufe kidogo cha kuzima breki. Tulizima ya juu, tukaiacha ya chini, na mlango ukapata akili zake. Kwa hiyo si dosari tena, lakini nimeiandika ili mwenye milango myembamba atazame kama bawaba anazonunua zina kitufe hicho.

Usiku wa jana nililala nikiwa nimeamua kuamka mapema kumpikia mjukuu wa dada yangu uji, maana yupo kwetu tangu Ijumaa na analala chumba kilichopakana na jiko, usingizi wake mwepesi kama wa kuku. Nilipofungua macho kulikuwa kumepambazuka. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, uji umeiva, mezani kuna sukari, kuna unga wa ulezi, kuna vikombe vitatu, vyote vimetoka kwenye kabati na droo. Mtoto bado alikuwa amelala. Nilikuwa nimelala kwa jicho moja usiku kucha, na nilichokisikia ni kijiko tu kikigusa sufuria.